Mseto wa Kumrudisha Mariana

Jumatatu, 6 Mei 2024

Malaria ya bonde hili inajulikana duniani kwa sababu ya damu yangu. Nikiwa kijana kule Namawala, watafiti walinilaza ndani ya chandarua chenye matundu nihesabu mbu wanaoniuma. Nilifika elfu nne na mia mbili. Mtafiti mmoja alilia. Sasa nikisema nina malaria, nani wa kubisha?

Mke wangu Mariana alibisha. Jana ameenda Mchombe kuamia mpunga usiliwe na ndege, mimi nimebaki Ifakara na malaria yangu. Mtaa mzima uko mashambani. Leo nimesalimiana na bata.

Mchana akapita Limbu, jirani yangu mfugaji, na pikipiki yake, anaelekea huko huko. Nimempa ujumbe: Mariana arudi, mumewe yuko taabani. Limbu akauliza ni mgonjwa gani huyu anatafuna muwa.

Jumanne, 7 Mei

Jibu limekuja. Mariana atarudi akioneshwa dozi. Basi, jambo dogo. Nikaenda duka la dawa kwa binti Yosefina, nikaagiza mseto, zile dawa za malaria. Akaniamkia vizuri, shikamoo mjomba Tadei, kisha akataka cheti cha vipimo. Nikamsimulia Namawala yote. Akasema mbu hao hawakuandika cheti.

Jumatano, 8 Mei

Nimeandika cheti mwenyewe, kwenye karatasi ya daftari. Mgonjwa ana malaria kubwa, apewe mseto, na mkewe aitwe. Sahihi: Dk. Nickolaus.

Yosefina akasoma mara mbili. Akauliza daktari gani huyu mwandiko wake unasomeka. Nikamjibu kwamba amesoma shule za zamani. Akanirudishia karatasi, akasema mjomba kapime, zahanati ni hapo tu.

Ijumaa, 10 Mei

Nimepima. Kidole kimetobolewa mbele ya Limbu, aliyekuwa kamleta mtoto wake. Majibu: hakuna malaria. Nikamwomba mpimaji ajaribu kidole kingine, huenda imejificha. Limbu alicheka mpaka mtoto akaacha kulia. Na mimi nikacheka kidogo. Nilikuwa sijacheka na mtu tangu Jumapili.

Jumamosi, 11 Mei

Limbu ameleta maneno ya Mariana. Kafurahi kusikia kwamba mimi ni mzima, nisione haya, niende. Dunguni, pale juu anapokaa kufukuza ndege, pana nafasi ya wawili, kambale amekaangwa, na Limbu yuko tayari kunipakia.

Nimemwambia Limbu atangulie. Amweleze Mariana kwamba kipimo cha malaria hakioni taifodi. Kesho asubuhi naenda kwa Yosefina kuulizia dawa zake, na cheti safari hii nitaandika kwa mkono wa kushoto.

Ukweli ni kwamba nguo nilishafunga, na viatu nilishavaa. Ndege siwaogopi. Naogopa nikishuka kwenye pikipiki, Mariana ataniangalia usoni na kujua kuwa nilianza kumkumbuka kabla hajafika hata barabarani.