Mabati ya Sebuleni na Kidonge Chetu

Jumatatu, 3 Machi
Nimekuwa mwenye kampuni. Hisa chache, lakini mwenye kampuni ni mwenye kampuni. Tunatengeneza kidonge cha nguvu za kiume kitakachokiondoa sokoni kile kinachojulikana na kila mtu. Chetu hakiumizi kichwa. Sisi vinyozi tunalijua soko: mwanaume akishafungwa kitambaa shingoni husema yote. Pesa ni zile za mabati ya sebuleni. Mke wangu hajui. Ndoo bado iko chini ya tundu la paa, kando ya kochi.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji yangu mfamasia amenusa habari. Eti dawa haijajaribiwa kwa watu, na ikifeli hisa zangu nitafungia karanga. Wivu tu. Duka lake lina feni mbili, basi anajiona profesa. Ameahidi kutomwambia dada yake, mradi nimnyoe bure mpaka Desemba.

Alhamisi, 6 Machi
Kampuni inatafuta wanaume wenye tatizo hilo wajaribu dawa. Mimi sina tatizo. Nimejiandikisha kwa moyo wa kujitolea. Daktari ameeleza: nusu yetu tutapewa dawa, nusu vidonge vya unga mtupu, na hakuna atakayejua kapata kipi. Kila jioni unajaza fomu kusema umeonaje. Jambo zito hivi siwezi kuwaachia wageni. Nimepeleka wateja wangu kumi na wawili, na kila mmoja nimempa somo akiwa kitini: andika "ajabu".

Jumamosi, 15 Machi
Siku ya tisa ya "ajabu". Na kweli nasikia mabadiliko! Natembea kifua mbele. Nimemuuliza mke wangu, kwa kuzungukazunguka, kama ameona tofauti yoyote siku hizi. Akafikiri sana. Akasema ndiyo, siku hizi nasahau kuzima taa ya bafuni.

Ijumaa, 28 Machi
Mvua kutwa. Majibu yametoka. Dawa imefeli. Daktari anasema hajapata kuona kitu kama hiki: waliomeza unga wamejisifu kuliko waliomeza dawa, na dawa isiyoushinda unga haipewi kibali. Mimi na wateja wangu tisa tulikuwa upande wa unga. Kampuni imefungwa. Shemeji alikuja kunyolewa, akacheka mpaka nikamkwaruza sikio. Kwa hasira akaenda kumwaga yote kwa dada yake. Mke wangu hakufoka. Alisogeza ndoo, akasukuma kochi mpaka chini ya tundu, akasema hapo ndipo nitakapolala. Nimeona aibu, kweli.

Jumamosi, 29 Machi
Sijalala. Maji ya usoni yamenizindua. Hebu tuyasome majibu vizuri. Unga umeishinda dawa, na daktari ni shahidi! Hauumizi kichwa. Kuutengeneza si gharama. Nimepiga simu kuuliza nani anautengeneza. Kiwanda kidogo tu, na kinatafuta wabia.
Mke wangu ana cherehani ambayo hajaigusa tangu Januari.