Seva ya Fundi Idarusi

Jumatatu, 12 Januari 2026
Leo nimeona maajabu. Nilikwenda duka la vipuri la Mzee Esmailji, Ngamiani, kutafuta mkanda wa cherehani. Binti yake, Shazia, akanionyesha kompyuta isiyozidi mche wa sabuni. Picha zote za ukoo wao zimo humo. Haziendi kwa kampuni yoyote ya ng'ambo. Hakuna anayezichungulia. Seva yake mwenyewe! Ile si kompyuta, ni hazina. Nami lazima niwe nayo. Nimemwambia mke wangu, Mwanasiti, kuwa kuanzia kesho picha zetu ni zetu. Akauliza jana zilikuwa za nani.

Jumanne, 13 Januari
Laptopu yangu ya zamani imefufuka, sasa ni seva! Shazia alinielekeza kwa subira ya mtu anayetoa mwiba. Akasisitiza niweke nakala kwenye nyumba nyingine, tena niandike neno la siri kwenye karatasi, nilifungie pamoja na hati za nyumba. Nikaitikia kwa adabu. Karatasi! Mtu mwerevu vile! Langu nimelihifadhi kichwani. Herufi thelathini na moja. Hata jini halibahatishi.

Jumatano, 14 Januari
Nimehamisha kila kitu kutoka simu ya Mwanasiti. Hata sauti ya marehemu baba yake, Mzee Shehe wa Moa, akisoma maulidi. Ndiyo pekee tuliyobaki nayo. Ijumaa ni hitma ya mwaka, na mama mkwe ameomba aisikie. Kisha nikafuta vyote vya kwenye simu, faragha ikamilike. Nikamtambia jirani yangu, kinyozi Nasri. Akasema yeye hana cha kuficha. Nikamhurumia.

Alasiri umeme ukakatika, na laptopu, isiyo na betri, ikazimika.

Alhamisi, 15 Januari
Umeme umerudi. Seva inadai neno la siri. Sina! Nimejaribu mara sitini. Ni Pangani kwa P kubwa? Kisha mwaka wa ndoa, au namba ya kiatu? Mwanasiti akauliza sauti ya baba iko wapi. Nikasema iko salama, hakuna awezaye kuigusa. Akauliza, hata wewe? Hata mimi.

Hakufoka. Akajitanda khanga, akaenda zake Moa kusaidia maandalizi. Heri angefoka. Mzee yule aliniozesha binti yake bila kunisumbua. Kifo kilimnyamazisha mara ya kwanza, leo mimi nimemnyamazisha mara ya pili.

Ijumaa, 16 Januari
Nimeshuka kwenye bodaboda Moa. Nikamwamkia mama mkwe shikamoo huku nikitazama mkeka. Baada ya dua akaiomba sauti. Nikafungua kinywa nikiri. Mwanasiti akaniwahi. Akagusa simu yake, na Mzee Shehe akaanza kusoma!

Kumbe Jumanne alipita kwa Shazia, akaacha nakala ya vyote kwenye seva yake. Sisi tuko Moa, sauti iko Ngamiani, na tunaisikia! Katikati mzee akakohoa, akaomba maji. Mama mkwe akacheka, kisha akajifunika uso. Mimi nilitoka nje.

Mwanasiti akanifuata. Nikamuuliza alijuaje.

"Baba Samiha, mie nakujua."

Na jana mbona hakuniambia?

"Nilitaka ulale nalo usiku mmoja."

Mwanasiti na Shazia! Wangepewa nchi, ingenyooka.

Jumapili, 18 Januari
Somo limeniingia: mambo ya kukariri hayafai. Kwa hiyo leo nimefunga mlangoni kitasa kinachofunguliwa kwa simu, kupitia seva yangu, niliyoianzisha upya bila neno la siri. Hakuna cha kukumbuka! Kitasa cha zamani na funguo zake nimempa mnunuzi wa vyuma chakavu. Shazia alinisihi nibakize njia ya pili ya kuingilia. Binti hodari sana, ila mwoga.

Nimetoka barazani kupunga upepo na kuandika haya. Mlango umejifunga wenyewe nyuma yangu, taratibu, bila hata kelele. Kazi safi! Nasri amekuja kuutazama, ametikisa kichwa. Wivu. Namsubiri Mwanasiti arudi kutoka Moa nimwonyeshe unavyofunguka.

Simu ipo ndani, inachaji.