Platipasi Kanihama

Jumatatu, 2 Desemba
Shule imeisha. Bi Merle, kiongozi wa walinzi wa kijito chetu hapa Hobart, ana kazi moja ya kiangazi: kukaa ukingoni kimya na kumtazama platipasi, yule mnyama mwenye mdomo wa bata. Kimya! Kama vile kazi imeshonwa kwa kipimo changu. Tunaigombea mimi na Lachie, tuliyemaliza naye shule. Kila mmoja kapewa kipande chake cha kijito. Platipasi akionekana kwako Jumapili, kazi ni yako. Nikikosa, naenda dukani kwa Shangazi Noreen, kuita wateja kwa sauti waje kuchukua samaki na chipsi. Heri nife.

Jumanne
Jioni nimemwona! Mkia una pengo. Anazama, anaibuka, anatafuna, anazama tena palepale, penye toroli bovu la supamaketi. Maskini, anaishi jalalani! Lazima nimsaidie.

Jumatano
Nimetoa toroli. Nimekata matawi yaliyotia giza majini. Nimeopoa majani na magogo. Panang'aa kama sinki la mama. Lachie kapita na pai yake ya nyama, akauliza kama platipasi kaomba na taulo. Jibu zuri sana lilinijia nilipofika nyumbani.

Alhamisi
Hayupo.

Ijumaa
Yuko kwa Lachie! Mkia uleule! Mizizi inaning'inia, matawi yameangukia majini, uchafu mtupu. Bi Merle kaniambia kwa upole kwamba wadudu anaowala hujificha kwenye vitu kama hivyo, na kivuli humficha yeye. Eti nimemvunjia jiko na chumba. Nilitaka kulia. Kisha nikawaza: kama usafi humfukuza...

Jumamosi
Tangu asubuhi nasafisha kwa Lachie. Nimemwambia ni kwa moyo mweupe tu. Kanishukuru! Kakaa kando anakula pai. Matope hadi kwenye nyusi zangu.

Jumapili, 8 Desemba
Hakuja kwa Lachie. Hakuja kwangu. Bi Merle kamkuta mbali, kwenye mfereji nyuma ya gereji. Kasema mnyama wa watu anakimbia fagio. Kazi kapewa Lachie, kwa sababu hajagusa kitu. Lachie naye: "Pole, Tamsin. Chipsi zangu weka siki nyingi, na uniite kwa sauti!"

Jioni nimekwenda kuliangalia duka la Shangazi. Ndani giza. Wazee wamebanana kwenye benchi bovu pale kona, wanakula chipsi na kupiga soga tangu mchana. Watu wanateseka na wala hawasemi! Kesho Shangazi atachelewa. Benchi nitalitoa mwenyewe.