Lita Nne za Mzee Kiliani

Jumatatu, 7 Julai 2025. Mbinga mjini.

Nimeamka na hasira. Baridi kali, gesti haina maji ya moto, na Profesa Urbani, msimamizi wangu, kaandika alfajiri kumsifu Hedwiga, mwanafunzi mwenzangu. Eti wagonjwa wake wa Lundo, kule ziwani, "wamefuatiliwa kwa ukaribu". Ukaribu gani? Dada huyo anashinda nao, anakula samaki wao, kisha anarudi na siku tisa zisizo na kipimo. Mimi mgonjwa wangu wa Maguu, Mzee Kiliani, hajakosa hata siku moja kati ya hamsini na tatu. Utafiti wetu wa uzamivu ni wa kumfuatilia mgonjwa akiwa nyumbani kwake. Nyumbani kwake, siyo nyumbani kwake pamoja na mimi. Ndiyo maana nakaa gesti.

Mzee ana ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli. Ulianzia mikononi, ukapanda ulimini, sasa unanyemelea pumzi. Kila asubuhi anapuliza kipima pumzi na namba inakuja yenyewe kwenye kompyuta yangu. Ikishuka chini ya lita moja na nusu, apelekwe hospitali haraka apewe mashine ya kumsaidia kupumua. Kazi yangu yote ni kuiona namba hiyo mapema.

Siri ya kutokosa siku ni yangu peke yangu. Mwezi Mei nilimwambia Bibi Benadetha, mkewe, kwamba hii ni kazi, isilale hata siku moja, na kaya itakayofikisha siku sitini itapata blanketi zito. Hedwiga hana akili ya blanketi.

Jumanne, 8 Julai.

Nimechora grafu. Nimesimama. Nimekaa. Nimechora tena.

Mzee alianza na lita mbili. Mwanzoni mwa Juni akawa na moja na nukta saba. Halafu anapanda! Tatu. Tatu na nusu. Nne! Ugonjwa huu haurudi nyuma popote duniani, ila Maguu umerudi. Ni hewa ya milimani, au kahawa. Nimemwandikia Profesa kurasa nne na kichwa cha makala nimeshakipata.

Kero ni moja. Mzee hawezi kusema tena, kwa hiyo kwenye kishikwambi tulimwekea sehemu ya maoni aguse herufi kwa kidole. Nimekuta neno moja limeandikwa mara kumi na nne: njoo. Njoo. Njoo. Jedwali langu ni la namba. Nimefuta safu yote, sasa jedwali limenyooka.

Jumatano, 9 Julai.

Hedwiga kapanda kutoka Lundo, kaingia gesti ananuka samaki. Kaitazama grafu yangu bila kuombwa. Akaniambia, kaka Rodrick, hizi siyo pumzi za mtu mmoja. Nikamwambia huo ni wivu. Akasema kila Jumamosi namba inaruka juu kuliko siku zote, je, mzee anakula nini Jumamosi? Nikamwambia wivu huo huo. Akauliza mara ya mwisho nilifika Maguu lini. Swali la kihuni kabisa. Barabara ina vumbi na mimi nina mafua tangu Mei.

Ijumaa, 11 Julai.

Profesa kajibu kurasa zangu nne kwa mstari mmoja: leta video ya mzee akipuliza. Video! Mtu ana siku hamsini na saba kamili, anadaiwa video kama mwizi! Nimekodi bodaboda ya kesho alfajiri. Nitawafunga midomo wote wawili.

Jumamosi, 12 Julai. Maguu.

Naandika kwa hasira, mwandiko usamehewe.

Nimefika saa moja. Uani kuna benchi, kwenye benchi kakaa Othmar, mpasua mbao wa jirani, kifua kama mlango wa kanisa. Kakifuta kipima pumzi kwa kitambaa, kavuta hewa, kapuliza. Lita nne na nusu. Majirani wakampigia makofi na kumpa togwa.

Nikamwamkia Bibi Benadetha shikamoo huku nimeuma meno. Akaitikia marahaba, akanipa pole ya safari, akanieleza bila haya yoyote. Eti mimi nilisema ni kazi, nilisema isilale. Mzee ilimshinda tangu mwezi wa sita. Basi wakafanya kama wanavyofanya kwenye kahawa na kwenye ngolo, yale mashimo ya kulimia mahindi mlimani: nyumba ikizidiwa, majirani wanashika zamu. Othmar ana Jumamosi. Jumapili ni wanakwaya. Hata blanketi wameshakubaliana, ni la mzee, kwa sababu siku hizi analala ameketi. Akilala chali pumzi inakata.

Nikasema apewe mzee mwenyewe. Akapuliza. Sifuri nukta tisa. Nikasema kifaa kibovu, arudie. Sifuri nukta tisa.

Mzee akavuta kishikwambi. Kidole kimoja, herufi moja moja, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Nilidhani anaomba radhi. Aliandika: nilikuita.

Nimemkasirikia Othmar. Nimemkasirikia Bibi Benadetha na togwa lake. 
Nimemkasirikia na mtu wa tatu, lakini jina lake nimelikata kwa wino.

Jumapili, 13 Julai.

Hedwiga, nani kamwita? (Mimi. Nilimpigia jana.) Kaja na gari la kuazima kwa paroko, Othmar kambeba mzee kama mtoto mpaka kwenye kiti, wakaenda hospitali. Mashine ya kupumua kapewa mchana. Daktari kasema wiki moja zaidi wangekuwa wanazika. Bibi Benadetha kamshika Hedwiga mikono yote miwili. Mimi kanishukuru kwa kipima pumzi. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 14 Julai. Gesti.

Siku ya sitini! Na haihesabiki. Profesa kafuta data zangu zote, naanza upya na kaya sita. Sawa. Nimekesha na hili jambo na nimeona kosa lilipo.

Kosa ni blanketi moja. Watu hawakuona uzito wa kazi. Sasa kila kaya itapata mawili, na nimeshaagiza kumi na mawili. Kwenda huko vijijini kila wiki, anavyotaka Hedwiga, ni kupoteza muda wa kuandika.

Na kwenye programu nimeondoa kabisa ile sehemu ya maoni. Ilikuwa inavuruga jedwali.