Uhamisho wa Katibu

Jumapili, 13 Novemba 1983

Kra, kra, kra. Kucha za paka ndani ya kiroba. Sauti ndogo tu, kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria. Imenifuata tangu jana. Leo kanisani mchungaji alitangaza ndoa tatu, mimi nikasikia kra, kra, kra. Mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa anajikuna shingo. Siwezi kuthibitisha kwamba hakukusudia.

Niandike yote, ili siku nikihojiwa niwe na kumbukumbu sahihi.

Katibu ni paka wangu. Alikuwa. Nilimwokota mwaka jana, wiki niliyopangiwa kufundisha hapa Moshi, akiwa mdogo wa kuenea kikombeni. Nilimwita Katibu kwa sababu hukalia kila karatasi. Sikio lake la kushoto lina pengo. Sasa amekuwa mkubwa, ana mimba, na Jumatano alikula dagaa wa Mama Digna, mwenye nyumba wangu. Wote! Mama Digna alisimama uani na sahani tupu akatangaza kwamba yeye hana ugomvi na mtu, ila ikifika Jumapili ama paka awe ametoka ama mwalimu awe ametoka, na asiulizwe atamkumbuka nani zaidi.

Chumba kingine hapa mtaani Majengo hakipatikani. Paka wapo.

Wazo lilinijia nikifundisha siasa darasa la sita. Nguvu Kazi! Serikali inawaondoa mjini wasio na kazi wakazalishe mali vijijini. Je, Katibu ana kazi? Hana. Anazurura. Kitambulisho hana. Huko shamba kuna mahindi, kuna panya, kuna hewa. Basi si kumtupa. Ni kumhamisha. Nilifurahi sana kulipata neno hilo.

Jana asubuhi nikamtia kirobani. Stendi mgambo akataka kitambulisho, nikampa. Akauliza kiroba kina nini. Nikasema kuku. Kiroba kikasema nyau. Mgambo akasema kweli mwaka huu mambo ni magumu, hata kuku wamebadili lugha, haya pita mwalimu. Kwa nini aliniita mwalimu? Kitambulisho kimeandikwa hivyo, ndiyo. Lakini alisema kwa namna fulani.

Nilishuka Himo. Nilichagua kwa akili: siku ya gulio, watu wengi, hakuna wa kunijua. Ni kweli mama hushuka kutoka Marangu kuuza ndizi pale pale Himo. Lakini yeye hukaa upande wa juu wa soko, na mimi nilikwenda upande wa chini. Nimefikiria kila kitu.

Nyuma ya mashine ya kusaga nikafungua kiroba. Katibu akatoka, akajinyoosha, akakikalia. Nikaondoka bila kugeuka.

Niligeuka mara moja. Alikuwa analamba mguu, ametulia kabisa, kama mtu aliyeambiwa nisubiri hapa, nakwenda dukani nakuja.

Jumatatu, 14 Novemba

Redempta anajua.

Redempta ni fundi cherehani wa chumba cha pili. Mtu wa Rombo, ana sauti ya kengele. Asubuhi bombani aliniuliza mbona Katibu haonekani. Nikajibu amehamishwa kikazi. Akauliza wapi. Nikasema wilayani. Akauliza kama amepewa usafiri wa familia, maana anakaribia kujifungua. Ua mzima ukacheka. Mtu asiye na hila haulizi maswali kwa mpangilio namna hiyo.

Jioni nimekuta mitihani ya darasa la sita imetafunwa pembe zote. Panya. Au mtu mwenye meno madogo. Niliyatazama meno ya Redempta alipokuwa anacheka. Yanaweza.

Mama Digna amenipa chai kwa furaha, eti sasa nyumba imetulia. Alipokwenda kuleta sukari akarudi na mfuko uliotobolewa. Akanitazama mimi!

Alhamisi, 17 Novemba

Mungu wangu.

Nimerudi kutoka shule nikakuta kikapu mlangoni. Kikapu cha mlimani, kimefunikwa majani ya mgomba. Ndani: ndizi, kiroba changu kimefuliwa na kukunjwa, na Katibu. Katibu! Amekonda mpaka mgongo unahesabika, limebaki tumbo tu. Mguu wa nyuma una jeraha lililofungwa kitambaa safi. Manyoya yananuka pumba. Na shingoni amefungwa isale.

Isale! Jani lile refu la mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Kwetu aliyekukosea akikuletea isale anaomba msamaha, na kulikataa ni mwiko. Ugomvi wa mipaka na hata wa damu umezimwa kwa jani hilo moja. Babu mdogo alikataa isale la ndugu yake, na ukoo mzima unasema ndiyo maana alizeeka na jino moja.

Hakuna barua. Wapangaji wanasema kimeletwa na mwanamume mwenye kofia, alikuwa na haraka.

Nimetumia akili yangu yote. Isale ni la mkosaji. Maana yake kuna mtu amenikosea, dhamiri inamsumbua, na anaona aibu kuja mwenyewe. Akanifuata Himo kwa siri, akamchukua paka ili apate njia ya kuniomba radhi. Nani? Nani anajua isale, anajua mlango wangu, na ana dhamiri ya kusumbuliwa?

Mche wangu wa sabuni ulipotea Septemba. Mche mzima, nilioupangia foleni tangu saa moja asubuhi!

Redempta. Ndiye.

Katibu amekunywa bakuli mbili za maji bila kuinua kichwa. Kisha amekuja kulala juu ya miguu yangu. Baada ya yote! Lazima anataka kitu.

Ijumaa, 18 Novemba

Leo nimekuwa mtu wa heshima kubwa na sijalipwa kwa heshima.

Asubuhi nilikwenda kwa Redempta, nikasimama mlangoni, nikamwambia kwa sauti ya upole kwamba nimepokea isale, na nimemsamehe. Akasimamisha cherehani. Akauliza nimemsamehe nini. Nikasema sabuni. Akauliza sabuni gani. Nikasema asione haya, yamekwisha.

Ua mzima ulitoka. Redempta alisema yeye tangu azaliwe hajaiba hata sindano, na anaishi kwa sindano! Akasema mche huo niliuangusha mwenyewe chooni, aliniona natoka nimeshika mkono mtupu na uso kama wa mtu aliyefiwa, akaninyamazia kwa kunihurumia. Akamalizia kwamba sasa kama nasamehe, nikalisamehe shimo la choo.

Mama Digna alicheka mpaka akakaa chini.

Basi si Redempta. Au ni Redempta na ni mjanja kuliko nilivyodhani. Lakini saa ya mapumziko nikamkumbuka Mwalimu Remigius wa hesabu, ambaye tangu mwezi jana hanitazami usoni. Nikamfuata chini ya mti wa bendera. Nikamwambia, Mwalimu, isale limefika, mimi nimekusamehe. Uso ukamlegea. Akanishika mkono, macho yana machozi, akasema hakujua habari zingenifikia, ni kweli ndiye aliyepeleka kwa mwalimu mkuu ile barua kwamba nachelewa na kwamba maandalio yangu ya masomo yana alama za miguu ya paka. Shetani alimpitia.

Barua gani? Sikujua kuna barua!

Na nimekwisha kumsamehe! Hairudishiki. Amerudi darasani anapiga mluzi.

Halafu hakutuma isale wala hana kofia.

Jumamosi, 19 Novemba

Mama Digna leo asubuhi alinikumbusha kuwa amri yake ya Jumapili bado ipo, na Jumapili ni kesho kutwa tu. Alikosea hesabu, ni kesho, lakini sikumsahihisha.

Mpango mpya: msitu wa Rau. Karibu, hauna gulio. Katibu aliingia kirobani mwenyewe. Hilo lilinisumbua kidogo. Nilidhani atapigana.

Nilipokuwa napita stendi mgambo yule yule aliuliza kuku hajambo. Nikaongeza mwendo. Mtu akaita, "Mwalimu! Mwalimu Eunike! Mzigo wa mama ulifika salama?" Nikageuka. Ni Primus, kondakta wa basi la Marangu. Ana kofia.

Nikamuuliza mama gani. Akacheka, akasema kwani nina mama wangapi, mama yangu wa ndizi, aliyempa kikapu Alhamisi. Kisha akanisimulia yote, mguu mmoja kwenye ngazi ya basi, akiita abiria katikati ya sentensi.

Jumatano, siku nyingine ya gulio, mama alikwenda kusaga mahindi. Nyuma ya mashine akakuta paka juu ya kiroba. Mwenye mashine akamwambia paka huyo yuko pale tangu Jumamosi. Wamemfukuza, anarudi. Mbwa wa sokoni walimng'ata mguu, akapanda ukutani, akateremka, akarudi kukaa juu ya kiroba. Akitupiwa chakula, hali mpaka kwanza aitazame njia ya kwenda barabarani. Mama akaliona lile pengo la sikio. Alipokuja kunitembelea Pasaka, Katibu alikuwa amelala juu ya khanga yake. Akambeba mpaka Marangu, akamwosha jeraha, akakata isale.

Nikamwambia Primus kwamba mama amekosea, isale ni la mwenye kosa. Yeye amenikosea nini?

Primus akasema si la mama. "Mama amesema nikuambie, ni la paka mwenyewe. Anakuomba radhi kwa kosa lolote alilokukosea. Maana mama anasema hajui ni kosa gani, ila lazima ni kubwa, kiumbe hatupwi njiani bure." Halafu akapiga ubavu wa basi na kuita, Himo, Himo, Marangu!

Nilisimama pale na kiroba begani. Ndani yake: kra. Mara moja tu. Kama anauliza kama tumefika.

Sikwenda Rau. Si kwamba nimeguswa. Mvua ilikuwa inaanza.

Nimekaa kitandani nikafikiri kwa haki kabisa. Katibu ameomba msamaha. Isale halikataliwi. Basi nimemsamehe dagaa, alama za miguu, yote. Nimemwambia hivyo. Alikuwa amelala juu ya maandalio ya wiki ijayo.

Jumapili, 20 Novemba

Amezaa! Wanne! Juu ya maandalio.

Mama Digna amekuja na hasira yake tayari, akakuta Katibu ameweka panya mkubwa mlangoni kwake. Sijui alimpata saa ngapi, na mguu ule. Mama Digna amemtazama panya, amemtazama Katibu, akatoa hukumu: mama abaki. Watoto, wakishaanza kula, hapana. Nyumba yake si kijiji cha ujamaa.

Redempta, ambaye hanisalimii, ameleta vipande vya flana akaviweka kwenye sanduku nililowahamishia watoto. Akasimama. Akasema akikua yule mtoto mweupe atamchukua yeye, panya wanamtafunia vitambaa.

Nimesema nitafikiri. Flana ni adimu. Anataka nini hasa? Namwona: anataka kuweka paka wangu ndani mwake apate sababu ya kuja kuchungulia kwangu kila siku.

Jumatatu, 26 Desemba

Nimerudi kutoka Krismasi. Niandike upesi, nikiwa bado nina furaha.

Watoto wa Katibu sasa wanakula ugali. Redempta aliuliza tena juu ya yule mweupe, mara mbili, kwa upole. Upole! Nilimkatalia mara zote mbili. Hata Mwalimu Remigius aliomba mmoja kwa ajili ya mkewe. Mtu wa barua! Atamtumia kama ushahidi.

Nilipanda Marangu Jumamosi, kama kila mtu wa kwetu anavyopanda Krismasi. Nilibeba kiroba. Nilikificha nyuma ya miti ya kahawa kabla ya kuingia ndani, na usiku nikakipelekea ugali. Mama alinikumbatia, hakutaja Himo hata kidogo. Alinipakulia bakuli la kwanza la mtori wa ndizi, lenye nyama. Aliuliza tu, "Mgeni wangu mguu umepona?" Nikasema shikamoo mara ya pili kwa kuchanganyikiwa.

Leo kulipopambazuka, mama akiwa amekwenda mferejini, nilikata masale manne kwenye mpaka wake mwenyewe. Nikawafunga watoto wa Katibu shingoni mmoja mmoja. Nikawaweka zizini kwa mama, kwenye majani makavu ya ng'ombe. Yule mweupe alinifuata mpaka kwenye ua, nikamrudisha. Alilia mpaka nikafika barabarani.

Isale halikataliwi! Mama ndiye aliyenifundisha. Hawezi kusema lolote. Sijamwachia barua, mwenye akili haachi maandishi. Primus ameniuliza kwa nini leo kiroba ni chepesi. Nimekaa nyuma kabisa.

Katibu amenipokea mlangoni. Amenusa viatu vyangu. Amenusa kiroba, nje na ndani. Ametazama chini ya kitanda, sandukuni, nyuma ya mtungi, na tena sandukuni. Nimemweleza wazi kwamba wamehamishwa kikazi.

Tangu saa nane amekaa juu ya kiroba, anatazama mlango. Dagaa nimempa, hajagusa.

Namshuku anajifanya.