Mdogo Wangu Mheshimiwa Mkuu

Kwa heshima na taadhima, kupitia vipaza sauti vyote ambavyo siku hiyo vilikuwa vizima, Chuo cha Ufundi cha Lungwan kilitangaza kwamba kuanzia muhula huo undugu utakuwa wa lazima.

Undugu wenyewe haukuwa mgeni. Tangu zamani, kama ilivyo katika vyuo vingi vya Taiwan, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akishapewa namba yake, yule wa mwaka wa pili mwenye tarakimu za mwisho kama zake huwa ndugu yake mkubwa papo hapo. Hakuna anayewauliza kama wanapendana. Mkubwa humwachia mdogo mfuko wa vitafunio mlangoni, humlisha siku za kwanza, humrithisha vitabu vyenye madoa ya chai, na humtajia kwa sauti ya chini mwalimu anayeita majina na yule ambaye hata darasa likibaki viti vitupu hagundui. Wote wa tarakimu moja, wa sasa na waliokwisha hitimu, huitwa ukoo. Mambo yalikuwa yakienda vizuri, na hilo ndilo lililomkera Profesa Shih Te-mao.

Profesa Shih alikuwa Mkuu mpya wa Masuala ya Wanafunzi. Alihamia Agosti kutoka kaskazini, akapewa ofisi yenye kiyoyozi na kipindi cha majaribio. Jambo linalokwenda vizuri bila ofisi, aliwaambia wasaidizi wake, ni jambo ambalo bado halijapata mwenyewe. Akaunda Kitengo cha Uratibu wa Undugu na kukipa bendera. Akaandika kanuni nene kama tofali. Mkubwa sasa alitakiwa kumwita mdogo wake "mdogo wangu", na mdogo kuitikia "naam, dada" au "naam, kaka", kwa sauti inayosikika meza ya pili. Vitafunio viliwekewa kiwango cha chini cha ukarimu. Na kwa kuwa aliwajua binadamu na upendeleo wao, aliongeza kwa mkono wake mwenyewe kwamba kila aliyepewa namba ya mwaka huo atakuwa na mlezi, bila ubaguzi, bila msamaha na bila kuulizwa.

Wizara ilikuwa inaleta jopo la wakaguzi siku ya sherehe za chuo mwezi Novemba, na Profesa alikuwa amewaahidi asilimia mia moja. Wakiikuta, atathibitishwa kazini. Wasipoikuta, atarudi kaskazini kufundisha nguvu za zege darasa la asubuhi, kazi aliyoikimbia kwa miaka mingi.

Kompyuta ilipomaliza kupanga koo, katibu wake, Bwana Liao, aliingia ofisini kwa kunyata.

"Mheshimiwa Mkuu, tumefika karibu na mia moja."

"Karibu? Nani amebaki?"

"Mmoja tu. Amepangiwa mlezi lakini hajajitokeza kumwona."

"Mwiteni. Muwe wakali kidogo na huyo."

"Ni wewe, Mheshimiwa."

Maelezo yalikuwa mepesi na yenye mantiki. Chuo kina mashine moja tu ya kutengeneza kadi za utambulisho, na kadi ya Profesa ilitoka Agosti, kati ya kadi za watoto wa mwaka wa kwanza wa ufugaji wa samaki. Namba yake inaanza na mwaka huu. Kanuni inasema kila aliyepewa namba.

"Nifuteni," alisema Profesa.

"Tukikufuta, hatufiki mia moja."

"Basi tubadilishe kanuni!"

"Kamati ya kanuni hukutana mara moja kwa muhula, Mheshimiwa. Umeiandika mwenyewe, ili watu wasizoee kubadilisha mambo."

Profesa alitazama bendera ya kitengo chake. Alikiri moyoni kwamba ilikuwa kanuni nzuri sana, haina pa kupenya.

Mlezi wake aliitwa Ku Pei-chun, msichana wa mwaka wa pili ambaye alikuwa ameukaa mwaka wa kwanza mara mbili na hivyo aliujua barabara. Alimsubiri chini ya jengo la utawala, amepanda skuta yake, nguo zake zina harufu ya bwawa la kufugia kamba, mkononi kikombe cha chai ya maziwa chenye gololi laini za wanga wa muhogo.

"Nusu sukari, barafu kidogo," alisema akimpa. "Sikujua unapenda vipi, nikakisia kwa sura. Karibu kwenye ukoo wetu, mdogo wangu."

Profesa alitazama kushoto na kulia. Mtu wa meza ya pili hakuwepo, ila Bwana Liao alikuwa dirishani juu, anahakikisha.

"Naam, dada," alisema Profesa.

"Umeshakula?"

"Mimi nina miaka hamsini na nane, binti."

"Hilo si jibu, mdogo wangu. Panda."

Ndivyo Mkuu wa Masuala ya Wanafunzi alivyobebwa kwenye skuta, amevaa helmeti na barakoa ili asijulikane, mikono imeshika chuma cha nyuma kama mtu anayezuia nyumba isianguke. Pei-chun alimpeleka kwa mama muuza kifungua kinywa nje ya geti, ambaye tangu afungue duka lake humwita kila mteja wa kiume kijana mtanashati, awe mjukuu wake au askari mstaafu.

"Kijana mtanashati, unakula nini leo?"

Profesa alisimama wima. Alikuwa hajaambiwa hivyo tangu enzi za kumchumbia mkewe. Akaagiza chapati ya mayai, akaongeza nyingine, na kesho yake akarudi bila kuambiwa, akiwa amechana nywele.

Lazima isemwe kwa haki kwamba ulezi ulimkaa vizuri. Kabla ya hapo alikuwa akila chakula cha mchana ndani ya gari lake, vioo juu, kwa sababu hakumjua mtu, na mkubwa wa ofisi hawezi kuzurura kantini akitafuta wa kukaa naye. Sasa alikuwa na meza. Alikula na ukoo mzima, chungu kinachemka katikati, watu wanagombea vipande vya tofu, na akijaribu kulipa walimzomea.

"Ukoo huu mdogo halipi!" walimwambia. "Mwaka kesho utapata wa kwako, utamlisha wewe."

Alicheka nao. Aliporudi ofisini alitia saini mambo kwa mwandiko wa furaha.

Kisha likaja somo kuu. Pei-chun alilifundisha mwishoni mwa Oktoba, kama alivyofundishwa yeye na dada yake wa ukoo.

"Leo, mdogo wangu, nakufundisha namna ya kuokoka kwenye Ofisi ya Masuala ya Wanafunzi."

"Ofisi ile ina huduma bora," alisema Profesa ndani ya barakoa.

"Umewahi kwenda kwa mlango wa chini?"

Hakuwahi. Yeye alikuwa na lifti yake.

Walipanga foleni. Ilikuwa karibu na adhuhuri, na foleni ilizunguka nguzo mbili ikapita choo. Mbele yao alisimama msichana wa mwaka wa kwanza, Tseng Yun-hsi, amebeba begi kubwa. Kitanda chake cha bwenini kilikuwa kimepewa mtu mwingine kwa makosa, na tangu wiki iliyopita alikuwa akilala sakafuni kwa rafiki, akiwakwepa walinzi kama mwizi. Alipofika dirishani, karani hakuinua macho.

"Dirisha hili ni la wenye vitanda. Asiye na kitanda aende la nne."

"La nne wamenileta hapa, kaka."

"Rudi uwaambie wamekosea."

"Nimesharudi. Wanasema wewe ndiye uliyekosea."

"Basi mkubaliane huko mje na jibu moja." Karani alitazama saa ukutani. "Na sasa ni mapumziko."

Akazima taa. Ofisi nzima iliinamisha vichwa mezani, juu ya mito midogo yenye picha za paka, ikalala, kama ilivyo desturi ya mchana na haki ya kila mfanyakazi. Foleni ilibaki gizani. Yun-hsi akaanza kulia taratibu ili asiwaamshe.

Pei-chun alimsogelea Profesa.

"Mdogo wangu. Sema neno."

Profesa alihesabu hasara. Akivua helmeti, ukumbi wote utajua Mkuu alikuwa mlelewa. Habari zitafika wizarani kabla ya jopo. Watauliza, watacheka, na zege litamwita kutoka kaskazini.

"Dada," alinong'ona, "mimi leo ni mwaka wa kwanza tu. Sina mamlaka."

Akaangalia viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri, vya ngozi.

Pei-chun alimshika Yun-hsi mkono, akachukua begi lake, akampakia kwenye skuta kumpeleka chumbani kwake mwenyewe. Profesa alipanda kwa lifti yake. Aliona aibu kweli, aibu iliyomchoma masikio, na kwa kuwa yeye ni mtu wa utaratibu, aliandika waraka akielekeza suala la madirisha lishughulikiwe haraka. Waraka huo ulipelekwa dirisha la nne.

Siku ya sherehe za chuo ilifika na mabango yake, soseji za kukaanga, na kwaya ya idara ya umeme. Jopo lilikaa mbele, likiongozwa na Daktari Yen Shu-lan, mama mwembamba aliyekuwa amekagua vyuo vingi hadi uso wake ukazoea kutoshangaa. Mlezi mmoja mmoja alipanda jukwaani na mlelewa wake, akasema maneno yaliyowekwa na kanuni: "Mdogo wangu ameiva." Makofi. Anayefuata. "Mdogo wangu ameiva." Makofi. Daktari Yen alianza kusinzia kwa heshima.

Profesa alijiweka wa mwisho, ili jambo lipite harakaharaka wakati watu wanatafuta soseji. Alipanda amevaa suti, Pei-chun kando yake.

"Mdogo wangu ni mtu mwema," alisema Pei-chun kwenye kipaza sauti. "Hachelewi. Anakula vizuri. Mwanzo skuta ilimtisha, sasa kona anazilalia mwenyewe. Sisi sote tunampenda. Lakini hajaiva."

Profesa alitabasamu kwa ajili ya wapiga picha.

"Dada," alinong'ona bila kusogeza midomo, "sema ameiva."

"Siwezi, mdogo wangu. Jina litakaloharibika ni langu."

Daktari Yen alikuwa macho sasa. "Kasoro yake nini?"

"Alimwona mwenzake wa mwaka wa kwanza analia dirishani, hana pa kulala. Kwa neno moja angemsaidia. Akaangalia viatu."

"Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana neno gani la kumsaidia mtu?"

"Huyu analo," alisema Pei-chun. "Dirisha ni lake."

Ukumbi uligeuka kumtazama Profesa. Kwaya ya umeme ikageuka pia, ingawa haikuwa zamu yake. Profesa alijua wazi kwamba amekwisha, na akaanza kukumbuka sura ya kwanza ya nguvu za zege.

Lakini Daktari Yen alisimama, uso umemng'aa.

"Nimezunguka vyuo vyote hivi," alisema, "na kila mahali watoto wameiva wote. Hapa ni mara ya kwanza mlezi kuthubutu kusema bado. Asilimia mia moja wamepangwa, na ukweli umesemwa! Mpango huu ni bora."

Rais wa chuo alianza makofi, kwa kuwa alikuwa amesikia neno "bora" na hakusikiliza mengine. Ukumbi ukafuata. Profesa akainama, akainama tena, machozi ya shukrani yakimlengalenga.

"Sasa tutekeleze kanuni," aliendelea Daktari Yen, akipekua tofali la karatasi. "Mlelewa asiyeiva ataongezewa mwaka mmoja, na kazi zake zitabebwa na mlezi wake mpaka atakapoiva."

Ibara hiyo Profesa aliiandika kwa ajili ya ufagio. Mwaka wa kwanza ndio wanaofagia viwanja vya chuo, na alitaka walezi wazembe wauonje ufagio wa wadogo zao.

"Kazi zake huyu ni zipi?" aliuliza Daktari Yen.

Bwana Liao, mtumishi mwaminifu, alisimama. "Ukuu wa Masuala ya Wanafunzi."

"Basi," alisema Daktari Yen, akapiga muhuri.

Pei-chun alitazama muhuri, kisha dari, kisha watu wa ukoo wake waliokuwa wanapiga miluzi. Alipoulizwa agizo lake la kwanza hakufikiri sana.

"Yun-hsi apewe kitanda leo. Na dirisha libaki moja, lenye mtu aliye macho."

"Dada," Profesa alimvuta mkono wa shati, "wewe sasa ndiye Mkuu. Unaweza kuifuta ibara hii."

"Nitaipeleka kwenye kamati, mdogo wangu. Inakutana muhula ujao."

"Na mimi nifanye nini mpaka hapo?"

"Umeshakula?"

"Bado."

"Tutakula kwanza. Halafu utafagia mbele ya jengo la utawala, kazi ya mwaka wa kwanza."

"Naam, dada," alisema Profesa, kwa sauti iliyosikika meza ya pili.

Alifagia mpaka jua likazama na bado hakumaliza. Majani yalikuwa yamerundikana pale tangu Septemba, kwa sababu watoto waliopangiwa kuyafagia walikuwa ndani, kwenye foleni yake.