Mkia wa Duke

Jumatano, 15 Oktoba 2025. Muhuru Bay.

Nimeapa. Mbele ya akina mama wote wa kwaya, kwa mdomo wangu huu huu.

Abdurahman mwenye gesti ana mgeni kutoka ng'ambo, mzee mrefu anayevua kwa fimbo na ndoano ndogo sana. Anaivisha ndoano nywele na manyoya mpaka inafanana na wale sami, wadudu wanaoinuka ziwani kama moshi. Samaki anadhani ni mdudu, anameza. Mjinga!

Mgeni amegawa ndoano kumi kumi. Anataka kuona mama gani wa hapa anaweza kuzivisha. Atazijaribu tarehe 26. Wifi yangu Nyamusi akasema, watu wakisikia, kwamba vidole vyangu vimezeeka. Vidole vyangu! Vilivyosuka nusu ya vichwa vya Migori! Nikamwambia nisiposhika samaki siku hiyo, achukue kiti changu cha mbele kwenye kwaya. Nimekikalia miaka kumi na tisa. Akakubali haraka. Haraka mno.

Mgeni anasema babu yake alitumia nywele za mkia wa farasi. Basi nataka farasi. Nyamusi ameanza kunyonyoa kuku. Maskini.

Ijumaa, 17 Oktoba.

Muhuru hakuna farasi. Kuna punda wa Maranga wa kubeba maji. Nikaona punda ni farasi aliyekosa bahati tu. Nikaenda na makasi kabla jua halijazama, Sabato haijaingia. Nywele kidogo, tena ngumu kama ufagio. Nikavuta nipime. Teke! Halikunipata mimi, lilipata mitungi. Maji yote chini. Maranga akaja mbio, akauliza, nyanya, unatafuta nini huko nyuma ya punda wangu? Nikamwambia namtoa kupe. Hakunishukuru. Watu wa siku hizi hawana adabu.

Jumamosi, 18 Oktoba.

Sabato. Sikufanya hila yoyote. Niliwaza tu. Nyamusi alikaa nyuma yangu akikitazama kiti kama mtu anayepima pazia.

Jumatatu, 20 Oktoba. Homa Bay.

Mashujaa Dei! Na shujaa ni mimi.

Kuna muuza mitumba hapa anaitwa Zubair. Siku za sikukuu huleta farasi wake karibu na maji, watoto wapigwe picha juu yake. Farasi anaitwa Duke. Mweupe pe, mkia unagusa kwato. Nikamwambia Zubair kwamba farasi asiyesukwa siku ya Mashujaa ni aibu kwa kaunti nzima, mimi nitamsuka bure. Akaniombea baraka, akaenda kunywa chai.

Kata! Mkia wote ndani ya kiondo. Nikabakiza shina kidogo, hapo nikashonea nywele za duka. Rangi ya maruni, pakiti tatu za duka la Kaltum wa kwetu Muhuru. Zubair aliporudi alipiga makofi. Watoto wakapanga foleni mpaka barabarani. Akachukua namba yangu, eti nije kila sikukuu. Duke mwenyewe alikuwa anajitingisha kama bibi harusi.

Jumatano, 22 Oktoba. Muhuru Bay.

Nywele za Duke zilinuka. Nikazifua kwa sabuni, nikazianika kwenye wavu wa kuanikia omena, dagaa wetu wa ziwani. Upepo ukaja ukazizoa karibu zote ziwani, nikabaki na konzi moja. Imetosha ndoano tisa. Nyeupe, nzuri mpaka nilitaka kumeza moja. Ya kumi nimeivisha kipande cha maruni kilichobaki chini ya kiondo. Nani ataona?

Zubair amepiga simu mara kumi na moja. Sijashika. Shukrani nyingi humfanya mtu ajione.

Jumapili, 26 Oktoba.

Nimeshinda! Niandike polepole.

Tulisimama kwenye mawe. Mgeni alitupa za Nyamusi kwanza. Manyoya yalilowa yakawa kama kifaranga aliyekufa maji. Hakuna kitu. Akaja kwa zangu. Nyeupe ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mpaka ya tisa! Nyamusi akaanza kusafisha koo, kama anayejiandaa kwa soprano.

Hapo pikipiki ikasimama. Zubair! Mkia wa maruni mkononi. Anapiga kelele kwamba mtoto wa mteja ameshika mkia, ukabaki naye, mtoto akapiga nduru, wateja wakakimbia wakidhani farasi amekatika. Mama mzima, akasema, na nilikuombea baraka!

Kabla sijajibu, mgeni akatupa ya kumi. Fimbo ikapinda kama upinde. Mbuta! Mkubwa kuliko mtoto wa nasari! Akina mama wakapiga vigelegele, hata Nyamusi alijisahau akapiga kimoja.

Mgeni akafungua mdomo wa samaki. Ndoano ya maruni. Zubair akaitazama, akautazama mkia alioshika. Akasema hiyo si ya Duke, hizo ni nywele alizoziona sasa hivi kwa Kaltum alipouliza njia, mlango wa pili kutoka gesti. Nikamjibu kwamba nywele za duka zikilala kiondo kimoja na za farasi, zinapata nguvu zake. Abdurahman alicheka mpaka akakaa chini.

Kiti ni changu. Samaki tulimpika. Nyamusi nilimpa mkia.

Jumatatu, 27 Oktoba.

Zubair amenipa adhabu. Kila sikukuu niende nimshonee Duke mkia mpya, yeye akinisimamia, mpaka wake uote. Anaita adhabu. Mimi naita kazi.

Nyamusi anataka turudie Desemba. Kaltum ameniambia kwa upole nisihangaike tena, maruni anayo katoni nzima. Nikamwambia asinifundishe. Alikuwa wapi mimi nikivua mbuta kwa farasi?

Ila Zubair alisema neno moja akiondoka. Desemba Duke atapumzika. Ataleta ngamia.

Ngamia!

Nimeshanoa makasi.